Huyo Eleuterio ni Nani?

Umeme bado haujarudi, msomaji, kwa hiyo kaa hivyo hivyo na joto lako.

Na kama gazeti la wiki jana, lenye mwanzo wa kisa hiki, ulimwazima jirani likaishia huko, shauri yako, ila nitakusaidia kidogo. Tuko Caleta Honda, mji wa chumvi, kinyozini kwa Chago, Ijumaa asubuhi ya Kwaresima. Redio ilikuwa inamtangaza kocha mkuu mpya wa Salineros, timu yetu ya besiboli, ile iliyofika fainali mwezi wa kwanza ikaitapika mbele ya macho yetu. Mtangazaji akakohoa, akasema, "Kocha mpya ni bwana Eleu..." Pap! Mtaa mzima ukazimika.

Mashine ya kunyolea nayo ikafa katikati ya kichwa cha mteja. Upande wa kulia umekwisha, wa kushoto bado kichaka. Mteja hakusema kitu. Mteja alikuwa Tingo.

Tingo unamjua. Ndiye yule mzee, kocha msaidizi, anayesimama uwanjani kando ya kituo cha tatu akiwapungia wakimbiaji mikono, wewe nenda, wewe ganda. Alikuja mjini kijana mbichi kutoka mashamba ya miwa ya mashariki, akasimama pale, na hajaondoka. Mashabiki wanataka yeye ndiye awe kocha mkuu. Tangu fainali kuta za mji zimepakwa chokaa, TINGO huku, TINGO kule, hadi ukuta wa kanisa.

Lakini mwezi ule ule wa fainali mkewe, Nurys, alifariki. Na tangu siku hiyo Tingo ana ganzi. Si huzuni, maana huzuni angalau ungeiona. Ni ganzi tu. Anakula, analala, anaamka, anakuja kunyolewa.

Basi, redio imenyamaza, midomo imefunguka.

"Eleu nani?" Bombillo aliuliza. "Eleu ni jina au ni kikohozi?"

Bombillo ni dereva wa bodaboda. Kichwani hana unywele hata mmoja, na bado kila siku yuko kinyozini. Anafuata ubishi.

"Labda Eleazar," Chago alisema, mashine mkononi. "Yule mdakaji wa zamani."

"Eleazar yuko Mexico, kaoa huko, ananenepa."

"Basi Eleuterio."

"Eleuterio nani? Unamjua Eleuterio yeyote mji huu?"

Chago alifikiri. "Hapana."

"Basi nyamaza."

Sasa, msomaji, sogea nikunong'oneze jambo ambalo mle ndani hakuna aliyelijua isipokuwa mtu mmoja. Eleuterio ni Tingo.

Usishangae. Kwetu jina la cheti ni la padri na la polisi. Mtu anabatizwa asubuhi, jioni mtaa umeshampa jina lake, na lile la ubatizo halionekani tena. Muulize Bombillo jina la Chago, aliyemnyoa tangu alipokuwa na nywele. Atakwambia Chago. Jezi ya Tingo mgongoni imeandikwa TINGO. Nurys mwenyewe alimwita Tingo, na Eleuterio lilitoka siku za ugomvi tu, mlango ukiwa umefungwa.

Mwenye timu ndiye haelewi mambo hayo. Pichardo ni mtu wa mji mkuu, kakaa New York miaka mingi, mtu wa makaratasi, anayejua jina la kwenye mkataba tu. Alimwita Tingo ofisini wiki iliyopita, akamwambia hivi: "Don Eleuterio, nimewachunguza wote, nakutaka wewe. Lakini mimi nauza viti. Nitakutangaza Ijumaa. Watu wakikupokea, timu ni yako. Wakikukataa, sitagombana na wanunuzi wa tiketi, namchukua Santelises."

Tingo akajibu, "Nimesikia."

Nimesikia! Mtu kaisubiri kazi ile tangu ndevu zake zikiwa nyeusi, anapewa, anasema nimesikia. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alirudi nyumbani, akafungua mdomo amwambie Nurys, akaona kiti kitupu, akaufunga. Hakumwambia mtu mwingine.

Na huyo Rubio Santelises, kocha mwingine anayeiwania kazi hiyo, ameshaapa hadharani. Akiingia, anafagia makocha wote wa zamani. Kwa hiyo leo Tingo ama anatoka na timu nzima, ama hata ile kona yake ya kituo cha tatu hatakuwa nayo. Hakuna katikati.

Mwenyewe alikuwa anatazama nywele zake sakafuni.

"Mimi nasema kosa la fainali si la wachezaji," Bombillo aliendelea. "Kosa ni kumwacha Nene Tavárez arushe mipira mpaka mkono ukawa uji. Nene anaomba msaada kwa macho, kocha mkuu yule wa zamani anakula karanga!"

"Alikuwa anatafuna chingamu," Chago alisema.

"Karanga! Nilikuwa nyuma ya benchi, maganda yakinirukia."

"Wewe nyuma ya benchi? Wewe si huwa unakaa juu ya ukuta ili usilipe?"

"Kutoka ukutani naona kuliko mwamuzi."

"Kila mtu anaona kuliko yule mwamuzi."

Hapo wakakubaliana, jambo ambalo si kawaida yao, wakageukia swali la nani abaki na nani auzwe.

"Yule Mmarekani wa kituo cha kwanza arudi kwao," Bombillo alisema. "Kazi yake kulalamikia wali. Msimu mzima kapiga mpira mmoja wa maana, na huo ulimpata muuza maji."

"Na Nene?"

"Nene abaki! Mkono utapona. Tingo kamlea mwenyewe, atamrudisha. Si ndiyo, mzee?"

Tingo aliinua macho. "Mkono unapona," alisema. "Ukipumzishwa."

"Mmesikia? Huyo ndiye kocha. Maneno matatu, kazi imeisha."

Mlango ukasukumwa. Aliingia Doña Zunilda na ndoo ya maharage matamu ya Kwaresima, yale ya tui zito, zabibu kavu ndani na vibiskuti juu. Mama huyu anauza nje ya uwanja na ulimi wake hauna breki. Alimjazia Tingo kikombe kabla hajaombwa.

"Kula, baba. Umekonda mpaka shati limekuwa la mtu mwingine."

"Asante, mama."

"Mama Zunilda, wewe unamtaka nani?" Bombillo alimchokoza. "Kocha wako nani?"

"Niseme, mtanuna."

"Sema!"

Akatua ndoo, akashika kiuno. "Tingo namheshimu, na ninasema akiwa hapa hapa. Lakini kocha mkuu lazima awe na moto. Huyu tangu amzike Nurys, inzi anamtua puani hamfukuzi. Mwamuzi akituibia, nani atatoka kumtukania mama yake? Huyu?"

"Mama!" Chago alishtuka.

"Nimesema uongo? Tingo baba, nimesema uongo?"

Tingo alitafuna kibiskuti chake. Alijua ni kitamu kwa sababu alikumbuka kuwa ni kitamu.

"Hapana," alisema. "Hujasema uongo."

Kinyozini wakatazama chini. Na pale pale umeme ukarudi.

Feni, redio, mashine mkononi mwa Chago, vyote vikalia pamoja. Mtangazaji alikuwa anamalizia. "...narudia taarifa ya klabu. Kocha mkuu wa Salineros ni bwana Eleuterio Brazobán Mercedes, mtu wa uzoefu mkubwa. Tuendelee na matangazo ya sabuni."

Sabuni ikaimbiwa wimbo wake hadi mwisho.

Kisha Chago akaitupa mashine mezani. "Wametuuza!"

"Brazobán!" Bombillo alipiga ukuta. "Hakuna Brazobán Caleta Honda! Mtoeni hata mmoja, nimpe pikipiki!"

"Ni shemeji yake Pichardo, nakwambia."

"Ni muuza majokofu wa New York. Hajawahi hata kuona mpira!"

"Jina lenyewe sikilizeni," Doña Zunilda alisema. "E-leu-te-rio. Hilo ni jina la mtu anayevaa soksi mpaka magotini."

Tingo alisikia yote hayo. Alingoja furaha ije, haikuja. Akangoja aibu, au hasira, au hata kicheko. Hakikuja kitu. Basi akajilazimisha, maana alijua angalau kwa akili kwamba hapo mtu husema kitu.

"Chago," alianza.

"Naam, mzee wangu."

"Huyo mtu..."

"Usiseme." Chago alimshika bega kwa mikono miwili, macho yamelowa. "Usiseme kitu, kaka. Najua inavyouma. Wamekunyang'anya."

Tingo akafunga mdomo.

Siku zote kazi ya kusema ilikuwa ya Nurys. Mshahara ukichelewa, Nurys anakwenda. Jambo jema likitokea, Nurys anapita nyumba kwa nyumba kabla kahawa haijachemka. Angekuwepo asubuhi ile, angekuwa ameshapanda juu ya kiti cha kinyozi, anawaita wote wapumbavu. Tingo alijikuta anamngoja. Alingoja kweli, macho mlangoni. Mlangoni palikuwa na pazia la shanga tu.

"Ngoja!" Bombillo alipiga kelele. "Ngojeni! Jina hili nalijua!"

Wote wakamgeukia.

"Nimelisikia, tena mwaka huu huu. Wapi vile... wapi..." Akajipiga kipara. "Makaburini!"

"Makaburini?"

"Naapa! Padri alilitaja. Eleuterio Brazobán, kwa sauti, na watu wakalia. Nilikuwepo, jua lilikuwa linanichoma utosi!"

"Kwa hiyo..." Chago alimeza mate. "Kwa hiyo amekufa?"

"Kafa, na tumemzika!"

"Jina la Bwana!" Doña Zunilda alifanya ishara ya msalaba. "Pichardo katuletea maiti!"

Msomaji, padri alisema hivi siku ile: "Nurys, mke mpendwa wa Eleuterio Brazobán." Bombillo, ambaye hakosi mazishi hata moja na huyachanganya, alikuwa amesimama nyuma kabisa, upepo ukachukua nusu ya maneno. Tingo alikuwa mbele, karibu na udongo. Yeye alilisikia lote.

Alilisikia tena sasa, akiwa kwenye kiti cha kinyozi, kitambaa kimefungwa shingoni. Hakikupanda kitu kifuani, hata kidogo.

Habari ikatoka mlangoni ikakimbia kuliko pikipiki. Wanawake wakatoka na sufuria, wanaume na makopo, na kabla hujamaliza kunywa maji mtaa ulikuwa umejaa. Kwetu ukitaka mkubwa akusikie, unapiga sufuria mbele ya lango lake. Bombillo akapanda juu ya bodaboda yake, akatunga wimbo hapo hapo.

"Hatutaki maiti!"

"Tunataka Tingo!"

"Eleuterio alale!"

"Tingo ainuke!"

Chago alimwinua Tingo kitini, akamtia mkononi mfuniko wa sufuria na mwiko. "Twende, mzee. Upande huo nitaumalizia baadaye. Kwanza haki yako."

Na Tingo akaenda. Akaenda! Nusu ya kichwa imenyolewa, kitambaa cha kinyozi mabegani, anapiga mfuniko kudai yeye mwenyewe afukuzwe. Najua unagonga meza hapo ulipo. Hata mimi nagonga yangu.

Lakini jitie ndani ya ngozi yake kidogo. Kunyamaza kulikuwa rahisi. Watu wanapiga, unapiga. Watu wanakwenda, unakwenda. Zunilda kasema hana moto, na kasema kweli. Kama kazi inaondoka, na iondoke. Alifikiri hivyo bila uchungu wowote, akaendelea kupiga mfuniko, tena hakukosea mapigo.

Wakafika lango la uwanja. Uwanja wenyewe, ngome ya rangi ya samawati, umefungwa, msimu uko mbali, na mbele yake wamesimama watu wanaowaka.

Akatoka msemaji wa klabu, Cordero, mtu wa makamo mwenye tai, jasho likimtiririka mpaka kwenye kola. Aliletwa kutoka mji mkuu wiki ile ile. Mjini hamjui mtu, na hakuna anayemjua.

"Ndugu zangu! Tafadhali! Kuna tatizo gani?"

"Eleuterio!" wakanguruma.

"Lakini bwana Eleuterio ni chaguo la..."

"Hatutaki maiti!"

Cordero hakuelewa maiti imetoka wapi. Alitoa simu, akampigia Pichardo, akazungumza akiwa ameziba sikio moja. Mara akainyoosha simu ile kuelekea kwa watu, juu ya kichwa chake, bosi asikie mwenyewe.

Walimpa. Sufuria, makopo, midomo, honi ya bodaboda. Hatumtaki Eleuterio, alale Eleuterio, aende na Eleuterio wake. Na katikati yao Tingo, mwiko kwenye mfuniko, ko, ko, ko.

Cordero akairudisha simu sikioni. Akasikiliza. Akaitikia mara kadhaa kwa kichwa. Kisha akainua mkono.

"Kimya! Bosi amesikia. Klabu inawaheshimu mashabiki wake." Akajipangusa shingo. "Bwana Eleuterio Brazobán Mercedes hatakuwa kocha wa Salineros. Uteuzi wake umefutwa."

Lo! Ungedhani tumeshinda ubingwa. Kofia zilipaa, sufuria zikapigwa busu, watu wasiosalimiana tangu uchaguzi wakakumbatiana. Bombillo akaingia chini ya paja la kushoto la Tingo, Chago chini ya la kulia, wakamwinua juu ya mabega.

"Tin-go! Tin-go! Tin-go!"

Wakambeba hivyo kwa shangwe, wakisherehekea kufukuzwa kwake, naye juu yao anayumba na mfuniko wake.

Kutoka kule juu aliona ng'ambo ya ukuta.

Aliona uwanja. Mwenye kutunza nyasi alikuwa anamwagilia maji bila haraka, mpira wa maji ukiburutika nyuma yake. Aliona kituo cha tatu, na pembeni yake lile baka la udongo mtupu, pasipoota nyasi kwa sababu kuna mtu amesimama hapo maisha yake yote. Aliona benchi, na ngazi ya juu ya benchi, pale anaposimama kocha mkuu, ambapo yeye hakuwahi kusimama.

Santelises atasimama pale. Na baka lile litaota nyasi.

Ndipo ganzi ikaachia. Haikuachia taratibu. Ilimuuma kiasi kwamba alidhani anaugua. Alikuwa anaitaka ile kazi. Aliitaka jana, aliitaka ofisini kwa Pichardo, aliitaka alipokuwa anasema nimesikia. Aliitaka akiwa anapiga mfuniko. Ameinyamazia mpaka imeondoka, na kuondoka huko kunashangiliwa chini ya mapaja yake.

"Jamani," alisema.

"Tin-go! Tin-go!"

"Jamani, nishusheni."

Hawakumsikia.

Cordero alikuwa amerudi kwenye simu. Akapunga mkono tena. "Sikilizeni! Bosi anauliza, mnamtaka nani?"

"Tingo!"

"Anaitwa nani?"

"Tingo!"

"Tingo nani?"

Watu wakatazamana. Bombillo akamtazama Chago. Chago akamtazama Zunilda.

"Tingo... Tingo tu!" mtu alijibu nyuma.

"Tingo wa kituo cha tatu!" Doña Zunilda alipaaza sauti. Naam, Zunilda yule yule.

Cordero alizungumza simuni, uso umekunjamana. "Wanasema Tingo, bosi. Ti-ngo. Sijui. Ndiyo... Hapana, hawajui jina la pili... Sawa, bosi. Sawa."

Akaishusha simu.

"Bosi anasema hana mtu wa jina hilo kwenye klabu. Alikuwa na majina mawili tu mezani. La kwanza mmelikataa wenyewe." Alilegeza tai, maana hata mgeni aliona nyuso zinabadilika. "Anampigia bwana Rubio Santelises sasa hivi."

Sufuria zikanyamaza. Ungesikia maji yakimwagika ng'ambo ya ukuta.

"Rubio?" Chago alisema, kama mtu aliyepigwa kofi. "Rubio atamuuza Nene. Atamfukuza Tingo. Atamfukuza kila mtu."

"Eleuterio ni mimi."

Sauti ilitoka juu, nyembamba, imepauka. Bombillo ndiye aliyeisikia kwanza, kwa sababu paja la mwenye sauti lilikuwa shingoni kwake.

"Unasemaje, mzee?"

"Eleuterio Brazobán Mercedes. Ni mimi. Ndilo jina langu."

Bombillo alijaribu kucheka, kicheko kikamkwama. "Usinitanie, mzee. Eleuterio kafa. Padri alimtaja, nilikuwepo, nimesikia kwa masikio yangu..."

"Nurys ndiye aliyekufa," Tingo alisema.

Maneno hayo hakuwahi kuyasema. Waliyasema wengine, kanisani, mlangoni, kinyozini, yeye akiitikia. Sasa yalitoka kinywani mwake mwenyewe, mbele ya mji mzima, na yalipotoka yakafuata machozi, mengi, ya ovyo. Hakuyafuta. Mkono mmoja ulikuwa na mwiko, wa pili mfuniko.

"Nurys ndiye aliyekufa, Bombillo. Mimi nipo."

Bombillo naye akaanza kulia chini yake.

"Mama yangu mzazi," Doña Zunilda alinong'ona. "Tumemkataa Tingo."

Neno likapita kinywa kwa kinywa mpaka nyuma ya umati, na kila lilipofika mtu aliteremsha sufuria yake. Chago akamshusha mzee chini polepole, akamshika asianguke, kisha akamrukia Cordero na kumkamata tai.

"Mpigie bosi wako! Mwambie ni huyu! Eleuterio ni huyu hapa!"

Cordero alimtazama mtu aliyesimama mbele yake. Kitambaa cha kinyozi shingoni, nusu ya kichwa msitu, nusu kipara, mfuniko wa sufuria mkononi, kamasi na machozi.

"Huyu?" alisema. "Huyu si ndiye alikuwa anapiga mfuniko kumkataa?"

Tingo ndiye aliyesogea mbele. Alitembea mpaka uso wake ukakaribia kugusa tai, na Doña Zunilda aliyekuwa kando akarudi nyuma hatua nzima, kwa sababu macho yale alikuwa hajayaona tangu mwezi wa kwanza.

"Piga simu," Tingo alisema. "Mwambie Eleuterio anaitaka kazi yake. Mwambie nilisema nimesikia, lakini nilikuwa na maana ya ndiyo. Piga kabla hajampata Rubio!"

Cordero alipiga, vidole vikiteleza kwa jasho. Akafungua spika, akainua simu juu ya vichwa vyao kama alivyofanya mwanzo, na mji mzima ukasogea kusikiliza.

Ikatoka sauti ya mwanamke, tulivu kabisa, haina haraka na mtu.

"Namba unayopiga inatumika kwa sasa."